Uvira: Plake ya sola ipimwe mbele ya mnunuzi kabla dola hazijatoka mfukoni

Sokoni Mulongwe hakuna mama anayekubali kuuziwa ndagala kwa maneno. Kipimo kinajazwa mbele yake, na akiona vidole vya muuzaji vimeingia ndani ya mkebe anapiga kelele mpaka kijazwe upya. Lakini mama huyo huyo akifika duka la sola, anahesabu dola zake kwa kuamini karatasi iliyobandikwa nyuma ya plake: wati 300. Hakuna anayepima. Fundi anafunga, siku mbili taa zinawaka vizuri, siku ya tatu saa tatu ya usiku nyumba ni giza. Akirudi dukani anajibiwa: mama, mmetumia sana.

Hiyo si bahati mbaya. Ni wizi wa kipimo, na unawapiga kwanza wale wenye kidogo. Umeme wa SNEL unaotoka Ruzizi unakatika, na mitaa mingi haujaifikia kabisa. Familia iliyovuka Kavimvira kukimbilia Burundi mwezi Desemba 2025, na sasa inaanza maisha upya, hainunui sola kwa fahari. Inanunua ili simu iwe na chaji, habari za usalama zisikike, mtoto asome, na mgonjwa asitafutiwe dawa kwa kibiriti.

Wauzaji wanajua vizuri kwamba hata ile namba ya kweli haitoki kwenye paa la Uvira. Kiwandani plake inapimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila metri mraba, nayo yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Juu ya mabati, saa sita ya mchana, plake inaweza kufika nyuzi 60. Kila nyuzi moja inayopanda inapunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshapotea kabla umeme haujashuka kwenye waya. Ongeza vumbi la kiangazi, waya mwembamba, regilateri ya bei rahisi, na batri ambayo hairudishi yote iliyopewa. Plake nzuri ya wati 100, kwa siku yenye jua la kutosha, kwenye karatasi ingetoa kama watisaa 500. Zinazofika kwenye taa ni 300 au 350. Hiyo ni plake isiyodanganya! Televisheni ya wati 50 ikiwashwa saa nne imekula 200. Sasa yule anayeahidi kwamba plake hiyo moja itaendesha na friji, anamwahidi nani?

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa hapa wangepaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Milima ya Mitumba iko magharibi ya mji. Jua linaingia nyuma ya mlima mapema, na nyumba za chini ya mlima zinakosa mwanga wakati ziwa bado linang'aa. Lakini bado plake zinafungwa kwenye upande wa paa unaotazama mlima, eti kwa sababu ndipo ngazi ilipofika. Mteja analipia jua la jioni asilolipata.

Kupima si elimu ya wazungu. Kwanza, kuna metri ya fundi cherehani. Plake nzuri za madukani zinageuza kama sehemu moja ya tano ya mwanga kuwa umeme, zile bora sana zikizidi kidogo. Maana yake metri mraba moja inatoa kama wati 200. Plake iliyoandikwa 300 lakini urefu ukizidishwa na upana haufiki hata metri mraba moja, hiyo inasema uongo, na haihitaji mashine yoyote kuushika.

Pili, multimeta. Saa sita ya mchana, mbingu ikiwa safi, plake ikitazama jua, fundi apime ampere zake na kuzilinganisha na namba iliyoandikwa nyuma pembeni ya herufi Isc. Ikiandikwa 9, kipimo kisome karibu 8 au zaidi. Kikisoma 4, plake irudi rafuni. (Multimeta nyingi ndogo zinaishia ampere 10, kwa plake kubwa itumike ile ya kubana waya, inayopima umeme wa batri.)

Batri inahitaji usiku mmoja. Batri ya kawaida ya volti 12 na ampere-saa 100, ikijazwa vizuri, inabeba taa za wati 60 kwa saa kumi na bado ikabaki na nusu. Ukiwasha saa moja ya jioni na ikazima saa tano ya usiku, hiyo si mia.

Wafanyabiashara wanasema watu maskini ndio wanaotaka bei ya chini, na kwamba vipimo vitaua biashara. Hapana. Mtu anayetaka wati 80 kwa bei ya 80 auziwe 80, tena zimeandikwa 80. Hakuna anayekataza plake ndogo. Kinachokataliwa ni kumlipisha mhami bei ya 300.

Mashirika yanayogawa vifaa vya sola nayo yasijifiche nyuma ya hesabu ya familia zilizopewa. Yaseme kila kifaa kinatoa saa ngapi za taa baada ya miezi sita. Vifaa vidogo vilivyopimwa kwa kanuni za kimataifa vipo, na mpango wa VeraSol unatangaza majina yake bila malipo. Kugawa visivyopimwa ni uzembe. Na OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini, ina uwezo wa kutoa plake moja katika kila shehena na kuiweka juani.

Wakati hayo yakisubiriwa, meya wa mji anaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji bajeti: kila risiti ya plake inayouzwa Uvira iandikwe ampere zilizopimwa mbele ya mnunuzi, tarehe na saa ya kupima, na sahihi ya muuzaji, pamoja na siku kumi na nne za kurudisha.