Hesabu za Twiga ziletwe vijijini

Ndugu Mhariri,

Kabla ya 2019, migodi ya Bulyanhulu na North Mara ilikuwa chini ya Acacia: hisa zikiuzwa London, mwenye hisa nyingi, Barrick, yuko Kanada. Mwanakijiji mwenye malalamiko hakujua amwendee nani. Mwaka ule ikaundwa Twiga, Serikali asilimia 16, Barrick 84, nasi tuna wajumbe katika bodi. Vizuri. Lakini wajumbe hao humweleza nani waliyoyaamua? Wanafunzi wangu wa darasa la saba waliniuliza, nikababaika na chaki mkononi. Naomba wahusika wabandike hesabu za kila mwaka, kwa Kiswahili, katika ofisi za vijiji tuzisome wenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kahama.