Vitabu Hamsini kwa Mwaka: Kusoma au Kuhesabu?

Mwaka unapoingia watu hujiwekea ahadi za kila namna. Huyu ataacha sigara, yule atapunguza sukari ya chai, mwingine atamaliza madeni yote kabla ya Machi. Miongoni mwa vijana wetu wapenda vitabu imeingia ahadi ambayo sisi wa makamo hatukuizoea, nayo ni kutaja mapema, tena kwa tarakimu, idadi ya vitabu ambavyo mtu atavisoma kabla ya Disemba kwisha. Ishirini na vinne, thelathini, hamsini. Na wapo wanaotaja mia bila ya kupepesa macho. Jambo hili limewashika zaidi wapenzi wa hadithi za ajabu na zile za kisayansi, zenye safari za nyota na falme zisizo katika ramani yoyote. Nami nimeliona mahali ambapo msomaji wa Mombasa au Lamu huenda asipatarajie: Eldoret.

Binti yangu ameolewa huko, kwa hiyo kila mwaka hupanda nyanda za juu kuwaona wajukuu na kuonja baridi ya mji ule. Eldoret, ambayo wenyeji huiita Sisibo kwa kuwa mji uliota juu ya shamba lililokuwa na nambari 64, ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Ni mji wa maziwa, mahindi na ngano, lakini zaidi ni mji wa wakimbiaji. Ukitoka msikitini alfajiri unapishana nao barabarani, pumzi zao zikitoka kama moshi. Hapo Kaptagat, si mbali na mji, ndipo alipojinoa Eliud Kipchoge kabla ya kwenda Vienna, na tarehe 12 Oktoba 2019 akazimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Katika mji kama huo kila mtoto anajua maana ya muda na shabaha. Basi sikustaajabu sana kuona kwamba hata vitabu husomwa kwa saa ya mkimbiaji.

Mkwe wangu ndiye aliyenipeleka kwa vijana hao. Wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret. Yumo muuguzi mmoja, na kijana auzaye vipuri vya magari. Hukutana Jumamosi katika mkahawa wa ghorofani, kila mmoja na kitabu chake mkononi na hesabu yake ndani ya simu. Binti mmoja aliniambia shabaha yake ni vitabu 52, kila wiki kimoja, na kwamba yuko nyuma kwa vitatu. Alilitamka neno "nyuma" kwa uso wa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Sikwenda kuwacheka, wala siandiki haya kuwacheka. Kitabu katika nchi yetu ni ghali. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilikitia kitabu katika kodi ya asilimia 16, sawa na bidhaa ya dukani, na kijana anayekaa chumba cha kupanga akiweza kununua hata kimoja kwa mwezi, tena cha mitumba, huyo anastahili heshima. Wao hupokezana: kitabu kimoja hupita mikono minane hata jalada likachakaa.

Tena wapo wazee wenzangu huku Pwani watakaosema kwamba vitabu vyenyewe ni upuuzi, mambo ya majini na mazimwi na vyombo vya kwenda mwezini. Hao nawauliza: sisi tulilelewa kwa nini? Nani katika sisi hakusimuliwa Alfu Lela Ulela, akalala akimuwaza Sindibadi na ndege Rukh, ndege ambaye Marco Polo alimtia katika bahari yetu hii, kule upande wa Bukini? Utenzi wa Ras al-Ghuli una beti zaidi ya 4,000, na maajabu yake hayapungui yale ya kitabu chochote nilichokiona Eldoret. Na Shaaban Robert, alipotaka kuwasema watawala bila ya kukatwa ulimi, alifanya nini? Mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi isiyogusa ardhi, inayoelea angani, yenye kutuma wajumbe pande zote, mmoja wao mpaka mbinguni na mmoja mpaka huku chini kwetu, kisha ikawafunga kila waliporudi. Hadithi ya ajabu ni mali yetu ya zamani.

Mgogoro wangu basi si na hadithi, na wala si na shabaha. Watu waliosoma chuoni hawawezi kuishangaa shabaha ya kusoma. Kurani imegawanywa juzuu 30, na juzuu zikagawanywa hizbu 60, ili mtu ajue leo ameanzia wapi na kesho ataishia wapi. Iko pia migao saba kwa mwenye kutaka kumaliza kwa wiki. Mwezi wa Ramadhani misikiti mingi husomwa juzuu moja kila usiku, na mwezi ukiisha msahafu umekwisha. Hata neno letu la kuhitimu, ambalo leo hutumika kwa wenye majoho ya vyuo vikuu, asili yake ni huko, katika kuikhitimu Kurani. Mtoto alihitimu, ndugu wakapika, majirani wakaja. Tarakimu tulikuwa nazo kabla ya simu kuzaliwa.

Lakini tarakimu zetu zilikuja na mpaka wake. Imepokewa katika Hadithi kwamba Abdullah bin Amr bin al-Aas, sahaba aliyekuwa kijana mwenye nguvu, alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ruhusa ya kukhitimu upesi. Akaambiwa mwezi mmoja. Akasema naweza zaidi. Akapunguziwa, akapunguziwa, mpaka siku saba. Na katika mapokezi mengine akaambiwa kwamba anayeimaliza kwa chini ya siku tatu hakuifahamu. Alipokuwa mzee na mwili umechoka, Abdullah mwenyewe alikuwa akisema laiti angeikubali ile nafuu aliyopewa mwanzo. Simlinganishi mtunzi yeyote na Kitabu kile. Nasema tu kwamba suala la wingi na ufahamu lilikwisha kuulizwa na kujibiwa mbele ya watu waliojua kusoma kuliko sisi.

Sasa tutazame hesabu ya vitabu inavyomfanya msomaji wa hadithi za ajabu. Vitabu vya fani hii havilingani kimo. Vingine vina kurasa 120, vingine vinapita 1,000. Robert Jordan wa Marekani alianza mlolongo wa vitabu ambao ulifika 14. Yeye alifariki mwaka 2007 na wa mwisho ukatoka mwaka 2013, umemaliziwa na mwandishi mwingine. Aliyesoma mlolongo ule wote ameandikiwa 14. Aliyesoma vijitabu 14 vya kujaza kiganja naye ameandikiwa 14. Matokeo yake hayahitaji mnajimu: ikifika Novemba, walio nyuma hutafuta vyembamba. Kijana wa vipuri alinikiri hivyo huku akicheka. Alikuwa na kitabu kinene alichokitamani tangu Februari, lakini hakukigusa, maana "kingemharibia mwaka." Ndivyo alivyosema, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Kiswahili chetu kina neno zuri hapa. Kutalii, kwa wazee wetu, kulikuwa kukichungua kitabu, kukipekua na kukitafakari. Siku hizi mtalii ni mgeni mwenye kofia na kamera, ashukaye garini, apigaye picha ya Fort Jesus na kupanda tena. Vijana wa mbio za vitabu wanatalii kwa maana ya pili.

Nitatoa mfano. Yule binti wa vitabu 52 alikuwa amekisoma Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965, kisa cha sayari ya jangwa. Alikimaliza kwa siku tano. Nikamuuliza: "Mwanangu, lile jina Muad'Dib umelionaje?" Akasema, "Ni jina la yule panya wa jangwani, Mzee, ndiyo shujaa akalichukua." Kweli. Lakini sikio la mtoto wa chuoni linasikia zaidi: linasikia mu'addib, mtia watu adabu, neno la ukoo mmoja na adabu yetu. Na Lisan al-Gaib, anavyoitwa shujaa huyo, si mageni kwa ajuaye lisani na ghaibu. Mwandishi Mmarekani ameokota maneno ya Waislamu, akayatupa katika nyota miaka elfu mbele, akamjenga Mahdi wa uongo anayewatia watu vitani. Je, amewatendea haki wenye maneno yao? Hapo pana mjadala wa wiki nzima, na binti, nilipomweleza, macho yalimwaka, akataka kukirudia kitabu. Kisha akaitazama simu. Kukirudia hakuhesabiwi.

Hilo ndilo lililoniuma. Na la pili ni hili: niliwaomba wanisomee orodha zao za mwaka, na katika vitabu zaidi ya 200 vya watu saba hapakuwa na kimoja cha Kiswahili. Kimoja! Muuguzi alisema Kiswahili alikimaliza kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kwake riwaya ya Kiswahili ni kitabu chenye maswali nyuma.

Wala si kwamba havipo. Katama Mkangi, mwana wa Pwani aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995: Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani akafie huko, naye anafika nchi nyingine kabisa. Kama hiyo si hadithi ya nyota, basi ipi? Kyallo Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, ana Babu Alipofufuka, ambamo maiti anatoka kaburini kumsaili mjukuu wake mkubwa wa serikali. Euphrase Kezilahabi ana Nagona na Mzingile, vya 1990 na 1991, vyembamba vyote viwili. Mwenye kukimbilia hesabu atakichagua Nagona mwezi wa Disemba akidhani amepata cha bure, na Februari itamkuta bado yumo ndani anazunguka.

Wao walimjua Khadija Abdalla Bajaber, msichana wetu wa Mombasa, ambaye The House of Rust yake ya 2021 ina mtoto aitwaye Aisha, paka asemaye na chombo cha mifupa, na mwaka 2022 ikatwaa Tuzo ya Ursula K. Le Guin, ya kwanza kutolewa. Nilifurahi kwamba wanamjua. Lakini ameandika kwa Kiingereza, na bahari ile ni ya Kiswahili.

Niliwapa rai yangu. Shabaha na ibaki, ila ipimwe kwa wirdi, sio kwa majalada: kurasa kumi na tano kwa siku, ziwe za kitabu kinene au chembamba, na kurudia kuhesabiwe sawa na kuanza. Na kila kitabu cha nne kiwe cha Kiswahili. Walikubali la kwanza baada ya ubishi. La pili walilikubali mara moja, kisha wakaniuliza watavipata wapi. Nilizunguka maduka mawili ya vitabu mjini siku iliyofuata. Rafu ya Kiswahili ilijaa vitabu vya kiada na miongozo ya mtihani. Wachapishaji watasema hawachapi upya kwa kuwa hakuna wanunuzi. Hapa wapo saba, wana daftari, na wametaja idadi.

Kwa sasa nimewapatia Kusadikika na Bina-Adamu!. Msomaji mwenye nakala ya Walenisi, ya Nagona au ya Mzingile asiyoihitaji, nakala yoyote, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, na amwandikie mhariri wa ukurasa huu. Gharama ya kuipeleka Eldoret ni juu yangu.