Shairi Hukaa Wapi?

Juma lililopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi afisini aliniuliza hivi: "Bwana, kama mtu ana neno la kusema, kwa nini asiliseme tu? Vina na mizani vya nini?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Leo nawaletea nililolipata.

Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940, yaani miaka mia baadaye. Je, tungo zake zilikuwa wapi? Nyingi zilikuwa vifuani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, akamsaidia padre W. E. Taylor kuzikusanya na kuziandika.

Hapo ndipo vina na mizani hufanya kazi. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Msomaji akisahau neno, sikio humwambia papo hapo kwamba mshororo unachechemea. Na kina humwonyesha njia ya kulipata lililopotea. Basi kanuni hizo si pambo tu, bali ni kufuli la sanduku.

Nami nina ushahidi wangu, tena wa kusikitisha. Marehemu bibi yangu alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto. Alipokwisha kufariki nilimwomba mama aniambie maneno yake. Maneno yalikuwa yamemtoka, akanieleza maana: mtoto anyamaze, mama yuko shambani, jioni atarudi na chakula. Niliyaandika yote katika daftari. Usiku mwanangu alipolia nikamsomea, akazidi kulia.

Maana ninayo yote, lakini wimbo sinao. Barua ninazoandika afisini, karani mwingine akiziandika kwa maneno mengine, hapana hasara, mradi habari imefika. Shairi silo hivyo. Maneno yake ndiyo shairi lenyewe, na ukiyabadili umeondoka nalo.

Hilo ndilo jibu langu kwa kijana yule. Na kwenu, ndugu zangu, ninalo ombi moja: kama nyumbani kwenu yupo mzee aimbaye, chukueni kalamu mapema, mkaandike maneno yenyewe kama anavyoyatamka. Msiridhike na maana.