NANI KALIFUNGASHA FAILI UNALOPOKEA?

Kuna ubishi usiokwisha vijiweni, kuanzia stendi ya Misuna hapa Singida mjini hadi Kiomboi na Manyoni. Wapo wanaodai kuchukua faili moja kwa moja kwenye tovuti ndiyo usalama, na kwamba torenti na kurushiana simu kwa simu ni kujitakia virusi. Wengine wanawacheka: kwa bei hii ya bando, nani ana ubavu wa kupakua kila kitu mwenyewe?

Jamani, mnagombania barabara wakati mzigo wenyewe hamjaukagua.

Chukueni Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure. Februari 20, 2016 wahuni waliivamia tovuti yake rasmi, wakageuza kiungo ili watu wapewe toleo lenye mlango wa siri. Waliobofya hapo siku ile waliumia. Waliochukua kwa torenti hawakuguswa! Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Transmission, programu ya torenti yenyewe: tovuti yake rasmi iligawa nakala ya kompyuta za Mac yenye KeRanger, kirusi kinachofunga mafaili yako na kudai pesa. Hiyo ndiyo "moja kwa moja" yenu.

Siri ni kwamba torenti hulikata faili vipande, na kila kipande kina alama yake, mfano wa dole gumba. Kikichezewa njiani, alama hailingani, kinatupwa. Lakini msishangilie. Kama aliyelifungasha faili ni tapeli tangu mwanzo, torenti itakuletea sumu yote bila kupungua hata tone. Tena kila aliyemo kwenye mgao anaiona anwani ya IP ya mwenzake, na wewe huku unapokea, huku unagawa. Ikiwa ni filamu ya watu, msambazaji ni wewe, na sheria ya hakimiliki ipo.

Huku kwetu, hata hivyo, balaa zaidi liko kwa mshikaji anayekurushia APK. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilitangaza kuwa SHAREit ya Android ina mashimo ya kumwingiza mhalifu, na kwamba wenyewe waliambiwa miezi mitatu kabla. Na APK isiyojulikana ilikotoka ukiiruhusu isome meseji, imesoma na namba za siri zinazotumwa na benki. Simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa ya mtaji wa alizeti!

Wakubwa nao hawasaidii. Oktoba 2023 TCRA ilitaka VPN zisajiliwe. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa. Ukimfungia kijana duka la halali, unategemea apate wapi programu? Atapokea kwa yeyote mwenye nayo, na hatauliza imetoka wapi.

Mtengenezaji makini huweka alama ya faili lake hadharani, ile iitwayo SHA-256. Zipo programu za bure za kuilinganisha, kwa simu na kompyuta, na ni kazi ya dakika moja. TCRA, badala ya kuhesabu VPN zetu, ingetufundisha hilo kwa Kiswahili redioni. Kodi tunailipa kila tunapoweka vocha.