NYUMBA NA KAZI: Rangi Zilindazo Hesabu ya Mpakani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Rusizi I, kati ya Rwanda na mji wa Bukavu, daftari lenyewe lina mtego: fedha mbili zenye jina moja, faranga ya Rwanda na faranga ya Kongo, na thamani zao si sawa. Mke wa askari auzaye unga ng'ambo, akisahau kuandika ni faranga ipi, aweza kupoteza faida ya juma zima.

Kijana wa nyumbani mwenye kompyuta ya Linux aweza kumsaidia kwa programu ya kuandikia iitwayo Vim. Programu hiyo hupaka rangi maandishi ya aina inazozijua. Aina isiyoijua hufundishwa.

Kwanza, orodha ipewe mkia wake wa jina, mathalani bei.mpaka.

Pili, katika folda .vim/ftdetect liundwe faili mpaka.vim lenye mstari huu:

au BufRead,BufNewFile *.mpaka set filetype=mpaka

Tatu, katika folda .vim/syntax liundwe faili jingine la jina hilohilo:

syntax match Rwanda /\d\+ RWF/
syntax match Kongo /\d\+ CDF/
highlight Rwanda ctermfg=green
highlight Kongo ctermfg=red

Nne, katika faili .vimrc iandikwe: syntax on

Tarakimu ziandikwe bila mkato. Tangu hapo faranga ya Rwanda itakuwa ya kijani, ya Kongo nyekundu, na tarakimu isiyo na rangi itamwumbua aliyesahau kutaja fedha. Hata hivyo, rangi haihesabu: aandikaye RWF mahali pa CDF atapata kijani cha uongo.

Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023. Rangi ziliingia katika toleo 5.0, mwaka 1998. Hutolewa bure, ila yeye aliwaomba watumiaji wawakumbuke watoto yatima wa Kibaale, kusini mwa Uganda, alikofanya kazi ya maji na usafi mwaka 1994.

Basi kila jioni mama na mwanawe waisome orodha pamoja, risiti zikiwa mkononi. Tarakimu isiyo na rangi isahihishwe siku hiyohiyo, kabla mnunuzi hajavuka daraja.