Rangi: Mchanganyiko

Washairi wenzangu na wapenzi wa lugha, leo siwaletei bahari ya utenzi wala ugomvi wa vina na mizani. Nawaletea kadi ya chanjo ya mbwa.

Jirani yangu hapa Mungaa anao mbwa wawili, ndugu wa uzao mmoja. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa alimpeleka mmoja tu, kwa kuwa wa pili alikata kamba akatokomea vichakani. Miezi michache baadaye mmoja wao alimuuma mtoto mguuni. Mtoto alioshwa jeraha kwa sabuni na maji mengi, akakimbizwa kupata sindano, kama ipasavyo bila kusubiri ushahidi wa mtu. Lakini jioni wazee walipoketi, swali likawa moja: aliyeuma ndiye aliyechanjwa, au ndiye aliyekimbia? Kadi ikaletwa. Jina la mwenye mbwa limo, tarehe imo. Penye rangi pameandikwa neno moja: mchanganyiko.

Mmoja wa mbwa wale ni mweusi, mwenye vipaku viwili vyekundu juu ya macho. Watoto humwita Macho Manne. Mwingine ni mweupe mwenye mabaka mekundu mgongoni. Hata kipofu angeelezwa tofauti yao akaielewa. Kadi ile iliwafaa wote wawili, kwa hiyo haikumfaa yeyote. Baba wa mtoto alitaka mbwa auawe usiku uleule. Mwenye mbwa aliapa kuwa aliyeuma alichanjwa, naye hakuaminika. Ikakubaliwa mbwa afungwe na atazamwe siku kumi. Nawaambieni, siku kumi ni nyingi mno kwa mama anayemtazama mwanawe akilala na kujiuliza kama sindano zitatosha. Mbwa aliendelea kula ugali wake hadi siku ya kumi na moja, na mambo yakaisha. Mimi sikuweza kuliacha neno lile.

Nilianza kusoma jinsi wengine wanavyozitaja rangi za mbwa, nikaangukia jamii ya mbwa wa kuwindia ndege waitwao spanieli. Uingereza wanaye mdogo wa jamii hiyo, Cavalier King Charles Spaniel, aliyepewa jina la Mfalme Charles wa Pili aliyetawala kuanzia 1660 hadi 1685 na kupenda sana mbwa wadogo wa namna hiyo. Rangi zake zinazotambuliwa ni nne, na kila moja ina jina lake. Mwekundu mtupu huitwa yakuti. Yupo mweusi mwenye vipaku vyekundu juu ya macho, mashavuni, kifuani na miguuni: Macho Manne wetu, bila kupungua! Yupo wa rangi tatu. Na yule mweupe mwenye mabaka mekundu huitwa Blenheim. Jina hilo lilianza katika kijiji cha Ujerumani, ambako Mtawala wa Marlborough alishinda vita mwaka 1704. Kasri alilojengewa likachukua jina la vita, na mbwa waliozalishwa kasrini wakachukua jina la kasri. Spanieli wengine husemwa kuwa na rangi ya ini, au ya ndimu. Wapo hata wanaoitwa bluu, ingawa hawana unywele mmoja wa bluu: ni nywele nyeusi na nyeupe zilizochangamana, kama kichwa changu mimi.

Msomaji atauliza, yakuti na makasri vinatuhusu nini sisi wa Singida? Vinatuhusu kwa njia ya kuunda jina. Ini, ndimu, yakuti: hivyo ndivyo Kiswahili kilivyofanya tangu zamani. Tuna rangi ya kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na majivu, zambarau kutokana na tunda, maji ya kunde kwa ngozi ya mtu, na damu ya mzee, jina ambalo kila nilisikiapo naona linastahili shairi zima.

Kuna jambo jingine lililonistaajabisha zaidi. Wataalamu wa wanyama wanatueleza kuwa manyoya ya mbwa yana wino wa aina mbili tu, mweusi na mwekundu. Mengine yote ni kukolea au kufifia kwa wino huo, na weupe ni pale ambapo wino haukufika. Sasa fungueni sarufi yenu. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi inayopokea viambishi vya upatanisho: -eusi, -ekundu, -eupe. Rangi nyingine zote huhitaji kiunganishi: ya kijani, ya manjano. Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi nikiliona kama upungufu wa lugha. Kumbe kwa kumweleza mbwa, mbuzi au ng'ombe, mizizi hiyo mitatu inatosha kwa kuanzia. Kilichobaki ni kusema rangi imekaa wapi na kwa umbo gani, na hapo pia hatukuachwa mikono mitupu. Baka ni pana, kipaku ni kidogo, mlia ni mrefu, na marakaraka ni ile hali ya rangi kuingiliana mwili mzima.

Washairi hawana hata udhuru wa mizani. Mchan-ga-nyi-ko mkiigawa sawasawa, m-cha-nga-nyi-ko, ni mizani tano. Ma-ra-ka-ra-ka ni tano vilevile, na kina cha -ka ni rahisi kukipata kuliko cha -ko.

Katika mazizi ya hapa, mchungaji hasemi "mchanganyiko" akimtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Husema kwa Kinyaturu, tena kwa ufasaha, alama moja baada ya nyingine. Akifika ofisini hubadili lugha, na ufasaha huo huuacha mlangoni pamoja na fimbo yake. Hudhani Kiswahili hakiwezi. Nani alimfundisha hivyo?

Naogopa ni sisi walimu. Zamani mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha kuwa mbwa wao alikuwa "kunguru". Alikusudia mweusi mwenye kifua cheupe, kama kunguru wetu huyu aliyejaa viwanjani. Nikaikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: kunguru ni ndege. Mtoto yule alikuwa akifanya kile ambacho lugha ilifanya kwa kahawa na majivu, nami nilimzuia kwa sababu kamusi haikunipa ruhusa. Sijui yuko wapi leo. Ningemrudishia alama zake.

Nasema basi: neno "mchanganyiko" liondoke katika kadi za chanjo na vibali vya mifugo, na mahali pake paulizwe mambo mawili, rangi ya mwili na alama zilipo. BAKITA wangeweza kukusanya maneno ya wafugaji wa Singida, Shinyanga na Manyara kabla wazee hawajaondoka nayo. Lakini sisi washairi tusisubiri baraza. Ni mara ngapi ng'ombe ameingia katika beti zetu bila ngozi, akiwa "ng'ombe" tu, kwa ajili ya kujaza kipande?

Chanjo ilipokuja tena nilimsindikiza jirani yangu, safari hii na mbwa wote wawili wakiwa kambani. Kijana wa mifugo aliuliza, "Rangi?" Jirani akajibu, "Mweusi. Vipaku viwili vyekundu juu ya macho, mashavu mekundu, kifua kunguru, ncha ya mkia nyeupe." Kijana alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma aseme hivyo, kisha akaandika. Mstari ulikuwa mfupi, ikabidi mkia aumalizie nyuma ya kadi.