Usizuge kijana, kipupwe cha baharini hakina ubishoo!

Vuta kigoda ukae, leo tunazungumzia kuzamia. Tulia kwanza! Sisemi kule kuzamia melini ukajifiche ili uibukie Ugiriki. Nasema kuzamia kwenyewe, mtungi wa hewa mgongoni, unakwenda kuangalia samaki na matumbawe. Siku hizi si mambo ya Wazungu peke yao. Kuna vijana wa Nungwi na hata wa Dar wanaokula ugali wao humo, na wengine wanakwenda kwa starehe tu.

Mimi nami sikukubali kupitwa. Cheti nilikipata kipindi cha joto, maji ya Februari yakiwa kama chai iliyopoa. Kosa langu ni kurudi Julai nikidhani bahari ni ileile.

Tulikwenda upande wa Mnemba, mbizi mbili kwa siku moja, na katikati saa nzima ya kupumzika juu ya boti. Boti lenyewe la mbao, halina ukuta wala kivuli. Mbizi ya kwanza ilikuwa babu kubwa. Tukapanda, kila mtu akavua suti yake, akajifuta na kuvaa sweta. Mimi? Nikabaki na suti yangu nyeusi ya mpira, zipu wazi mpaka kitovuni, kifua mbele, maana kulikuwa na dada mmoja mrembo ameketi karibu na nahodha. Unajua tena.

Nahodha, mtu mzima, akanirushia koti lake la mvua. "Vaa mwanangu, huo upepo wa kusi mbaya." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, mimi niko poa." Niko poa wapi! Baada ya dakika ishirini meno yalikuwa yanagongana kama njuga.

Sasa tuulizane, baridi Zanzibar inatoka wapi? Maji ya Julai na Agosti yana nyuzi 25 hivi. Ukisimama kwenye hewa ya nyuzi 25 unatafuta feni. Lakini maji yanaondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa, na mwili wako unataka nyuzi 37. Ndiyo maana wazamiaji wanavaa ile suti ya mpira, ambayo mwanasayansi Mmarekani, Hugh Bradner, aliibuni miaka ya 1950. Haizuii maji yasiingie. Yanaingia kidogo, yanakaa juu ya ngozi na mwili unayapasha. Kinachozuia joto lisitoroke ni vipovu vidogo vya gesi vilivyomo ndani ya ule mpira. Tatizo ni kwamba ukishuka mita 10 tu, vipovu vinabanwa mpaka karibu nusu. Kwa hiyo unapanda juu mwili umeshaliwa joto, hata kama hujaanza kutetemeka.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani ukitoka majini baridi imekwisha, kumbe pale juu ya boti ndipo inapokumaliza. Unaukumbuka mtungi wa udongo wa bibi? Maji yake yanapoa kwa sababu unyevu wa nje unakauka na kuondoka na joto, na pakiwa na upepo ndiyo kabisa. Kijana uliyekaa na suti mbichi kwenye upepo wa kusi, wewe ndiye mtungi wa bibi. Unajipoza mwenyewe.

Turudi botini. Saa ikatimia, tukaitwa mbizi ya pili. Kufunga mkanda vidole vikagoma. Ningesema ukweli pale ingekuwa kheri, lakini nikaona soo mbele ya dada. Nikamwomba mwenzangu anifungie, nikatumbukia. Chini huko nilikuwa natetemeka, napumua haraka haraka, akili imelala. Kiongozi wetu akaniuliza kwa ishara, hewa vipi? Nikamwonyesha alama ya safi bila hata kutazama geji. Yule bwana si mjinga, akaja akaishika mwenyewe. Zilibaki bar 50, ile akiba ya kupandia juu, wakati wenzangu wote walikuwa na zaidi ya 100. Akatugeuza wote, mbizi ikafa palepale.

Hakuna aliyeumia. Lakini mpaka leo najiuliza, je, asingeishika ile geji? Na mwenzangu, ambaye mimi ndiye niliyekuwa msaada wake chini kule, angekwama ningemsaidia na vidole vipi?

Basi jifunzeni kwangu. Ukitoka majini, vua suti, jifute, vaa nguo kavu, na juu yake kitu kisichopitisha upepo. Koti la mvua la mtumba linatosha sana. Kichwani weka kofia ya sufi, usiogope kuchekwa. Kaa upande uliokingwa na upepo. Beba chupa ya chai ya tangawizi, maandazi na tende, maana mwili unachoma chakula kupata joto. Na maji ya kunywa usisahau, kuzamia kunakojoza.

Kabla ya kuivaa tena ile suti iliyopoa, mimina ndani maji ya uvuguvugu. Yajaribu kwanza kwa mkono, usije ukajibabua. Konyagi achana nayo. Inakudanganya una joto, kumbe inalileta kwenye ngozi upepo ulichukue. Wala usipige pushapu ujipashe. Baada ya mbizi mwilini kuna naitrojeni inayotakiwa kutoka taratibu, na mazoezi makali yanaweza kuzusha mapovu yanayoleta ule ugonjwa wa wazamiaji. Baridi nayo inabana mishipa ya mikono na miguu, naitrojeni inachelewa kutoka. Umeona? Koti si la starehe tu.

Kubwa kuliko yote: kama bado unatetemeka, usishuke. Vidole vikigoma, au maneno yakianza kuvutana mdomoni, mwambie kiongozi. Na ukimwona mwenzako ameacha kutetemeka ila anazubaa na hajali kitu, usifurahi kwamba amepona. Hiyo ni hatari, mkingeni na upepo, mfunikeni na mumwahishe kwa daktari.

Wenzetu wa Cape Town mwezi huohuo wanazama kwenye maji ya nyuzi 13 au 14, na wale wa Uingereza wana mabwawa ambayo kipindi chao cha baridi hayafiki hata 10. Hawana ngozi ya chuma. Wanajua tu kuvaa koti mapema na kusema "leo basi" bila aibu.

Na yule dada? Wakati tunarudi alikuwa amejifunika koti la nahodha, lilelile nililolikataa, anakunywa chai yake taratibu. Akanitazama ninavyotetemeka, akauliza, "Kaka, bado uko poa?"

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.